Bitana, Nguo Isiyoonekana

Leo twataka kusema nanyi juu ya nguo ambayo karibu kila mtu ameivaa na watu wachache wameitazama. Nguo hiyo ni bitana. Mtu akisifiwa kanzu yake siku ya Idi, husifiwa kwa weupe wake na kwa kazi iliyotiwa shingoni, hakuna amwambiaye, “Ndugu yangu, bitana yako ni njema.” Walakini fundi aliyeishona ajua ya kuwa nusu ya sifa ile ni haki ya kitambaa cha ndani, ambacho pengine kilinunuliwa kwa fedha kidogo na kukatwa katika kipande cha mwisho wa jora.

Neno lenyewe latufundisha kitu. Bitana tumelipata katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile la neno batini, yaani jambo lililofichika, lililo tumboni mwa kitu. Kinyume chake ni dhahiri, linaloonekana na wote. Katika mazungumzo ya leo tutaingiza chini ya jina la bitana vitu vyote vinavyouzwa dukani ili kuisaidia nguo kusimama, ijapokuwa macho hayavioni: bafta ya ndani ya kofia, kipande kigumu kilichomo katika ukosi wa shati, utepe wa kushikia upindo, na hata uzi wenyewe. Vitu hivi ndivyo vinavyoamua kama nguo itadumu miaka mitatu au itaharibika kwa kufuliwa mara tatu. Na kwa mtu aishiye kwa sindano yake, ndivyo vinavyoamua kama atakula fedha aliyolipwa au atairudisha kwa mwenyewe.

Chukueni kanzu nzuri mkaigeuze ndani nje. Majina ya vipande vyake watoto wengi wa siku hizi hawayajui, nasi twaona ni hasara. Sehemu kubwa za mbele na nyuma ni badani. Vipande virefu vya ubavuni ni taharizi. Kile kidogo kilichoingizwa chini ya kwapa ni kikwapa. Hivyo ni vya dhahiri. Kwa ndani mtakuta kaba, kipande kinachoizunguka shingo. Mtakuta lisani, yaani ulimi, uliolazwa chini ya mpasuo wa kifuani. Na mwisho wa mikono mtakuta sijafu. Mafundi wa zamani hawakuviweka vipande hivi kwa pambo. Shingoni ndipo jasho linapokusanyika, ndipo kanzu inaposhikwa wakati wa kuvaliwa na kuvuliwa, na ndipo dobi anaposugua kwa nguvu zaidi. Mpasuo wa kifuani huvutwa kila siku, na usipotiliwa nguvu utararuka kwenda chini. Ukingo wa mkono nao huchakaa kabla ya nguo nyingine yote, kwa kuwa hugusa meza, chakula na maji ya kutawadhia. Basi mtaona ya kuwa bitana ya kanzu si nguo ya pili iliyoshonwa chini ya ile ya kwanza. Imewekwa mahali pale tu penye taabu. Katika nchi yetu ya joto na unyevu, kanzu iliyotiwa bitana mwili mzima ingekuwa adhabu kwa mvaaji.

Sasa twende dukani. Mtu atokaye shamba akiisha kufika Darajani, penye soko lile lililojengwa mwaka wa 1904, hana mwendo mrefu kufikia maduka ya nguo, maana mitaa ya Mchangani na Mlandege i karibu. Mbele ya maduka hutundikwa kanga na vitambaa vya maua, ili upepo uvipeperushe na wapitao wavione. Bitana haitundikwi. Majora yake hulazwa nyuma, mara nyingi katika rafu ya chini, na sharti uiulizie. Hili ni jambo dogo, lakini lina matokeo yake. Kitu usichokiona huwezi kukichagua, na kama hukujua jina lake na kazi yake, utapewa kile kilicho karibu na mkono wa muuzaji.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wanawake wengi wa mjini hawakutoka mchana kwenda madukani. Walitumwa watoto. Mtoto akisimama mbele ya meza husema:

“Shikamoo, bwana. Mama asema umpe bafta ya bitana, mikono minne.”

“Marahaba, mwanangu. Bitana ya nini?”

Hapo mtoto hunyamaza, kwa kuwa hakuambiwa. Mwenye duka mwema humrudisha nyumbani akaulize, ijapokuwa ahofu kwamba njiani mtoto ataingia duka jingine. Asiye mwema hukata kile alichotaka kukimaliza. Kwa ajili hiyo akina mama wenye akili walifunga kipande cha kitambaa cha zamani katika pindo la kanga ya mtoto, au katika karatasi, wakamwambia, “Mwonyeshe hiki, naye akupe kilicho sawa nacho.” Kipande kile, ambacho hakikuzidi upana wa vidole vitatu, kilikuwa barua isiyohitaji kusomwa. Kilisema unene wa uzi, ukaribu wa mfumo na rangi. Twaipenda desturi hiyo, na mbele tutaeleza jinsi sisi tulivyoidharau tukapata aibu.

Juu ya kupima, wasomaji vijana wajue ya kuwa mkono, au dhiraa, ni tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, karibu inchi 18. Mikono miwili ni wari moja, mikono minne ni pima, na jora moja la nguo nyeupe za zamani lilikuwa karibu wari 30. Bila shaka mikono ya watu haifanani, na mnunuzi mwenye jamaa mrefu alijua faida ya kufuatana naye dukani. Fito ya chuma na utepe wa kupimia vimeondoa hila hiyo, lakini hila nyingine imebaki: kuivuta nguo wakati wa kupima. Kitambaa chepesi cha bitana huvutika kuliko nguo nzito, nacho kikiisha kukatwa hurudi kama kilivyokuwa, na mnunuzi hufika nyumbani akakuta amepungukiwa na vidole vinne. Si ubaya kumwambia muuzaji kwa heshima, “Bwana, ilaze mezani kwanza.”

Walakini tusimlaumu mwenye duka peke yake. Mnunuzi wa kitambaa cha nguo ya arusi hununua wari nyingi kwa mara moja na kuondoka. Mnunuzi wa bitana hutaka wari moja, na uzi wa rangi ile ile, na vifungo sita, na sindano moja, na kabla ya kulipa hutaka vyote vipelekwe mlangoni avitazame kwa mwanga wa jua. Faida yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa. Tena muuzaji sharti aweke rangi nyingi, maana haiwezekani kuijua mapema rangi ya nguo atakayokuja nayo mtu kesho. Duka lenye bitana za kila rangi, zimepangwa vizuri, na mtu wa kuzieleza, ni msaada mkubwa kwa mafundi wa mtaa mzima. Likifungwa, watu huona tofauti katika nguo zao, wasijue sababu.

Kabla hatujaendelea yafaa tuwaambieni zilikotoka nguo hizi, kwa kuwa habari zake ni habari za Unguja yenyewe. Mwaka wa 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka wa 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi wa nchi yake. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, nazo zikaleta nguo ya pamba isiyotiwa weupe, nene na imara, ambayo watu wa pwani waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Jina hilo lingali likitumika hata leo kwa nguo zifananazo nayo, ijapokuwa zimefumwa kwingine. Merikani iliingia bara pamoja na misafara mpaka Tabora na Ujiji, ikawa kama fedha. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka wa 1857, alilipa njia na chakula kwa mikono ya merikani, kaniki na shanga.

Kwa nini watu waliipenda hata wakaikataa nguo ya Uingereza iliyofumwa kwa mfano wake? Jibu ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Nguo mpya ya pamba hupakwa dondo kiwandani, yaani wanga, ili nyuzi zisikatike katika mtambo. Dondo kidogo si kosa. Lakini baadhi ya viwanda vilizidisha, vikachanganya na udongo mweupe, mpaka nguo nyembamba ikaonekana nene na kuwa nzito mkononi. Ikiisha kufuliwa, uzito wote ulikwenda na maji, na mnunuzi akabaki na kitu kama wavu. Mnunuzi wa Afrika, ambaye watu wa ng'ambo walimdhania kuwa hajui nguo, aliisugua kwa vidole, akaifua, akarudi kuitaka merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu mwaka wa 1861 hata 1865, vilipunguza pamba na merikebu, na nguo za Uingereza na za India zikaingia kwa wingi. Baadaye viwanda vya Bombay vikashika sehemu kubwa ya soko. Lakini kipimo ambacho watu walikitumia, maji na vidole, hakikubadilika.

Katika siku zile merikani na kaniki zilikuwa mavazi ya watumwa na maskini, na kwa desturi watumwa walikwenda vichwa wazi na miguu mitupu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mapatano ya mwaka wa 1873, na amri ya mwaka wa 1897 ikaiondoa hali ya utumwa katika sheria. Kisha watu wengi waliokuwa wakivaa merikani wakajipatia kanga, kanzu na kofia, wala halikuwa jambo la urembo tu. Mwanamume aliyeivaa kofia iliyoshonwa vizuri alikuwa akisema bila maneno ya kuwa yeye si mtumwa wa mtu. Basi tukizungumza juu ya kofia, na juu ya kitambaa kilichomo ndani yake, msidhani tunacheza.

Mafunzo ya ushoni nayo yana historia yake. Mwana wa Sayyid Said, Bibi Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, ameandika katika kitabu chake kilichotolewa mwaka wa 1886 jinsi wanawake wa majumba makubwa walivyoshona na kutarizi. Mbweni, katika shule ya wasichana ya Misheni ya UMCA, aliyoitumikia Bibi Caroline Thackeray tangu mwaka wa 1877, wasichana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kushona pamoja na kusoma. Mwaka wa 1927 ilipofunguliwa shule ya serikali ya wasichana mjini, sindano iliingia nayo. Sisi walimu tumerithi kazi hiyo, nasi twakiri ya kuwa mara nyingi tumewafundisha wanafunzi namna ya kushona bila kuwafundisha namna ya kununua. Msichana ajua mishono saba, lakini akipelekwa dukani huchagua kwa macho.

Haya basi, mtu achague namna gani? Kwanza auvunje ugumu wa nguo. Aikunje pembe yake, aisugue kwa nguvu juu ya kitambaa cheusi. Unga mweupe ukianguka, ajue ananunua dondo. Kisha aiinue mbele ya mwanga, atazame kama nyuzi za mtande na za mshindio zimekaribiana sawasawa, au zimeachana mahali mahali. Akiruhusiwa, ailoweshe ncha kwa mate au maji na kuisugua. Rangi ikishika kidole, bitana ile itachujuka siku ya jasho la kwanza na kulitia madoa koti la bei kubwa. Tumeona koti jeupe lililopata kwapa za buluu kwa njia hiyo.

Akiisha kuinunua, aifue kabla ya kuikata. Hapa ndipo watu wengi hufanya haraka. Nguo ya pamba isiyofuliwa huweza kurudi inchi 2 au 3 katika kila wari moja, na zaidi katika urefu wa mtande kuliko katika upana. Ikiwa nguo ya nje imekwisha kurudi na bitana bado, siku ya kufuliwa bitana itajikunja na kuivuta ya nje, na mishono yote itaonekana kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Ilowekwe usiku mzima, ianikwe bila kukamuliwa, ipigwe pasi ikiwa na unyevu, ndipo ikatwe. Na mtande wa bitana uende njia moja na mtande wa nguo ya nje. Bitana ya koti iwe pana kidogo kuliko koti lenyewe, kwa kuwa mtu anapoinama au kunyosha mikono, yule wa ndani asipokuwa na nafasi ndiye atakayepasuka. Na siku zote iwe nyepesi kuliko nguo inayoisaidia. Mtumishi asimshinde bwana wake kwa uzito.

Twasimuliwa na wazee ya kuwa katika miaka ya 1970, vitu vya kutoka nje vilipokuwa adimu sana madukani, mafundi walikata bitana katika kanga kuukuu na mashuka yaliyochakaa. Walifanya hivyo kwa shida, lakini kazi nyingi ya wakati ule haikuharibika. Sababu yake ni nyepesi: kanga iliyofuliwa miaka mitano haina dondo tena, imekwisha kurudi kadiri inavyoweza kurudi, na rangi yake iliyotaka kutoka imekwisha kutoka. Hata leo, mtu asiye na fedha ya bafta asione haya kuitumia.

Siku hizi, tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, rafu zimejaa. Nyingi ya bitana zinazouzwa mjini zimetoka China na India, pengine kwa kupitia Dubai, nazo ni za nyuzi zilizotengenezwa viwandani, nyororo, zing'aazo kama atlasi, na hazirudi majini kama pamba. Kwa koti la mwanamume zafaa sana, maana mkono huteleza ndani yake bila kushika shati. Kwa nguo ya mtoto, au kwa kofia, sisi hatuzisifu: hazinywi jasho, na katika kaskazi la mwezi wa Februari mtoto aliyevishwa nguo ya namna hiyo hulia bila kujua kwa nini. Iko pia nguo ya kutia ugumu katika ukosi na mikanda, ambayo haikufumwa kabisa bali nyuzi zake zimegandamizwa pamoja kama karatasi. Kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka wa 1948 kwa jina la Vlieseline, na kampuni nyingi zimefuata. Nyingine ina gundi upande mmoja na hushikishwa kwa pasi ya moto. Imewapunguzia mafundi kazi nyingi. Lakini pasi isipokuwa na moto wa kutosha, au isipokaa mahali pamoja muda wa kutosha, gundi haishiki, na baada ya kufuliwa ukosi hutoka malengelenge. Mafundi wengine huisukuma pasi huku na huku kama wanaonyosha kanga. Sivyo, iwekwe, ishikizwe, iinuliwe, ndipo ihamishwe.

Tumeiacha kofia mpaka mwisho kwa makusudi. Kofia ya viua, ile inayoshonwa kwa mkono, ina kipande cha duara cha juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kimoja ni tabaka mbili za nguo. Mshonaji huchora nakshi yake, kisha hutoboa vitundu vidogo vidogo na kuzungushia kila kitundu uzi mpaka kikawa kama jicho la sindano. Vitundu hivi huingiza hewa kichwani. Kazi hii huchukua majuma mengi, hufanywa barazani au uani baina ya shughuli nyingine, na wanawake wengi wa Unguja wamesomesha watoto kwayo. Sasa fahamuni tofauti yake na koti. Bitana ya koti ikiharibika, fundi huifumua na kutia nyingine. Bitana ya kofia haiwezi kufumuliwa, kwa sababu kila kiua kimepita katika tabaka zote mbili, na mamia ya viua vimezifunga kuwa kitu kimoja. Kosa lililofanywa dukani hushonewa humo.

Tulilijifunza jambo hili kwa hasara ya mtu mwingine. Katika kijiji tulichokuwa tukikaa, upande wa kusini wa kisiwa, alikuwako mama mmoja mjane, mshonaji hodari, ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa. Siku moja, akisikia tunakwenda mjini, alitupa fedha na kipande cha bafta kilichokunjwa katika karatasi, akasema, “Mwalimu, niletee iliyo sawa na hii.” Mtu mmoja alikuwa amemwagiza kofia ya kuvaa katika arusi ya mwanawe, nayo ilikuwa imebaki miezi miwili. Tulipofika dukani tulionyeshwa bafta nyingine, nyeupe zaidi, ngumu zaidi, na bei yake ndogo. Hatukukitoa kile kipande mfukoni. Tulijiona tumefanya busara, tukarudi na nguo na fedha iliyobaki.

Bi Mkubwa aliishika, akaisugua kidogo, akauliza, “Na kipande changu, Mwalimu?” Tukamwambia ya kuwa hii ni bora kuliko ile, tena ni mpya kabisa, wala haina haja ya kufuliwa, nazo siku ni chache. Alinyamaza. Tulidhani ameridhika. Leo twajua ya kuwa alinyamaza kwa adabu, kwa kuwa hakutaka kumrudisha mwalimu mbele ya watoto.

Alishona majuma saba. Kofia ilikuwa nzuri, ikavaliwa siku ya arusi, ikasifiwa, naye akalipwa, na fedha ile akamnunulia mwanawe mdogo nguo za shule. Baada ya arusi kofia ikafuliwa kwa mara ya kwanza. Dondo likatoka lote. Tabaka ya ndani ikarudi na ile ya nje isirudi, viua vikapinda upande mmoja kama macho ya makengeza, na kofia ikakaa kichwani kama kifuu. Mwenyewe hakugomba, aliileta jioni, akaiweka juu ya mkeka, akasema tu, “Bibi, itazame.” Sisi tulikuwapo. Tulipendekeza bitana ifumuliwe, na Bi Mkubwa akacheka, akatuonyesha kwa ncha ya sindano, kiua kimoja baada ya kimoja, akauliza tufumue kipi kwanza.

Alishona nyingine. Tulitaka kumlipa ujira wa majuma yale saba, akakataa. Alipokea bei ya bafta na uzi tu. Akasema, “Wewe hukujua, Mwalimu. Mimi nalijua nikanyamaza, na kunyamaza kwangu huwezi kukulipia.” Tangu hapo hampi mtu kipande cha mfano katika karatasi, hukishona kwa nyuzi mbili katika pembe ya leso ya anayetumwa, ili asipate kukisahau mfukoni. Nasi tumetumwa mara nyingi, leso yetu ikiwa na alama za nyuzi zile. Mara ya mwisho tulipompelekea bafta yake aliichukua mikononi mwetu mlangoni pale pale, akaitia katika ndoo ya maji, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikazama yote, ndipo akaturudishia salamu na kutuuliza habari za mjini.